Kufika Kwenye Barafu

Ramani za Kenya zilizochapishwa kabla ya 1975 hazina Ziwa Turkana. Mahali pake pameandikwa Ziwa Rudolf. Jina hilo lilitolewa Machi 1888 na Samuel Teleki, bwana mkubwa kutoka Hungaria, aliyefika ziwani na mwenzake Ludwig von Höhnel wakiwa na msafara mrefu wa wapagazi. Rudolf alikuwa mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria. Ziwa lenyewe hakuwahi kuliona. Januari 1889 alikufa, na jina lake likabaki juu ya maji ya ndugu zetu wa kaskazini, yaani Waturkana, na majirani zao Wadaasanach na Waelmolo, kwa zaidi ya miaka themanini.

Hiyo wengi wetu tunaijua. Isiyosemwa sana ni kwamba babake Rudolf naye alikuwa na zawadi yake. Kaizari Franz Joseph alipewa mto wa barafu huko New Zealand, chini kabisa ya ramani ya dunia. Aliyeupa mto huo jina lake, mwaka 1865, ni mwanajiolojia Mjerumani Julius von Haast. Kwa hivyo familia moja ya Vienna ilikuwa na ziwa kwenye joto la kaskazini mwa Kenya na barafu kwenye milima ya kusini mwa Pasifiki, na hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga huku wala kule.

Ziwa lilibadilishwa jina, tukasonga mbele. Barafu ina hadithi ndefu zaidi. Leo ukitaka kuikanyaga na mwongozaji, lazima upande chopa. Miaka mia iliyopita watu walikunywa chai hotelini, wakavaa viatu, wakatembea hadi pale. Katikati ya chai ile na chopa hii kuna gari, kuna ndege yenye miguu ya kuteleza, kuna boti kwenye ziwa ambalo halikuwepo. Ukipanga vyombo hivyo kwa miaka yake unapata kitu kama ile kadi ya kliniki ya mtoto, yenye mstari wa uzito, ila mstari wa huyu mtoto unashuka.

Kwanza, kwa nini kuna barafu mahali pale? Kisiwa cha Kusini cha New Zealand kina safu ya milima inayokimbia karibu na pwani ya magharibi, na vilele vingi vinapita mita 3,000. Upepo unatoka baharini umebeba unyevu, unagonga milima, unapanda, unapoa, unamwaga kila kitu. Chini inanyesha mvua ya kutisha, juu inaanguka theluji. Theluji ya miaka mingi inajazana kwenye bakuli pana juu ya mlima, inajikandamiza mpaka inakuwa barafu ngumu ya rangi ya samawati, halafu inasukumwa na uzito wake kupitia bonde jembamba. Inateremka kama uji mzito kwenye mfereji. Mto wa Franz Josef ulikuwa ukishuka hadi chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, katikati ya msitu wa mvua wenye miti ya kijani kibichi. Fikiria barafu iliyo chini kuliko Voi.

Na inaenda kasi. Mwaka 1943 ndege ilianguka juu ya mto huo, kilomita tatu na nusu kutoka mdomoni. Baada ya miaka sita na nusu mabaki yake yakatokea chini, yamebebwa na barafu kwa mwendo wa mita moja na nusu hivi kwa siku. Barafu za aina hii zinakula haraka na kukonda haraka. Miaka michache ya theluji nyingi, mdomo unasonga mbele. Miaka michache ya joto, unarudi nyuma huku unauona.

Wenyeji walikuwa na maelezo yao. Wamaori wa Ngāi Tahu wanasimulia kuhusu Hine Hukatere, msichana aliyependa milima kuliko kitu chochote, akambembeleza mpenzi wake Wawe wapande pamoja. Wawe hakuwa mzoefu. Maporomoko ya theluji yakamsomba, akafa. Hine Hukatere akalia mpaka machozi yake yakateremka mlimani, na Rangi, Baba wa Mbingu, akamhurumia, akayagandisha machozi hayo yawe kumbukumbu. Ndiyo maana mto huo unaitwa Kā Roimata o Hine Hukatere, machozi ya Hine Hukatere. Mto wa jirani, ambao Wazungu waliuita Fox kwa heshima ya waziri mkuu William Fox, kwa Kimaori ni Te Moeka o Tuawe: kitanda cha mwisho cha yule kijana. Mito miwili ya barafu, mapenzi mamoja, msiba mmoja. Ni jiografia inayokumbukika hata na mtoto wa chekechea.

Sasa angalia tarehe. Mwaka 1860 serikali ya kikoloni ilisaini mkataba na Wamaori wa pwani hiyo ya magharibi, ikachukua mamilioni ya ekari kwa pauni 300. Miaka mitano baadaye Haast akapita na daftari lake akiandika majina. Mkenya yeyote anajua mpangilio huo. Ardhi kwanza, jina baadaye. Mwenye kalamu anakuja nyuma ya mwenye hati.

Watalii hawakuchelewa. Mwaka 1884, upande wa mashariki wa milima, ilijengwa hoteli iliyoitwa Hermitage, chini ya mlima mrefu kuliko yote nchini, Aoraki, ambao ramani ziliuita Mount Cook. Mwaka 1901 New Zealand ikaunda idara ya serikali ya utalii, ya kwanza ya aina yake duniani. Serikali yenyewe ikaingia kwenye biashara ya kuonyesha watu barafu.

Kazi hiyo ilihitaji watu wa kuongoza, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la ndugu wawili, Peter na Alex Graham, vijana wa pwani ya magharibi. Mwongozaji wa zama hizo alitangulia na shoka, akachonga ngazi kwenye barafu moja baada ya nyingine, mgeni akimfuata nyuma na viatu vyenye misumari. Kama mgeni alitaka hatua mia mbili, mwongozaji alichonga mia mbili. Kesho yake barafu imesogea, jua limelamba zile ngazi, anaanza upya. Alisoma nyufa, alijua ni daraja gani la theluji linaweza kubeba mtu na lipi litamzika. Tarehe 3 Desemba 1910 ndugu hao wawili walimfikisha Freda du Faur, mwanamke kutoka Australia, kwenye kilele cha Aoraki, mwanamke wa kwanza kufika. Watu walikuwa wamemsema sana. Atalala vipi mlimani na mwanamume asiye mumewe? Mbona sketi yake fupi? Alipanda hivyo hivyo. Mwaka 1911 Alex na nduguye mwingine, Jim, wakanunua hoteli karibu na mto wa Franz Josef, na biashara ya kutembeza wageni pale ikashika mizizi. Ulikuwa unakula kifungua kinywa, unaenda barafuni, unarudi kabla giza halijaingia.

Kuna kanisa dogo katika kijiji hicho, la Mtakatifu Yakobo, lililojengwa 1931. Waliolijenga waliweka dirisha kubwa la kioo nyuma ya madhabahu, bila picha za watakatifu, kwa sababu nje ya dirisha kulikuwa na picha tosha: mto wa barafu ukishuka kati ya miti. Muumini aliyekaa kwenye benchi aliinua macho akaiona barafu juu ya msalaba. Mwaka 1946, vita vilipokwisha, New Zealand ilitoa stempu za amani, na moja ilikuwa na picha ya dirisha hilo. Kufikia 1954 barafu ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba haikuonekana tena kutoka kanisani. Kanisa halikuhama, kioo hakikufungwa. Kilichobaki dirishani ni miti na mlima.

Huo ndio mstari wa kwanza ulioshuka kwenye ile kadi.

Upande wa pili wa milima, mashariki, kuna mto mkubwa zaidi, Tasman, mrefu kuliko yote nchini humo, unaopita kilomita ishirini. Huko historia ya usafiri ni ya familia moja. Mwaka 1906 Rodolph Wigley aliendesha gari la kwanza hadi kwenye Hermitage, kwenye njia ambayo hata farasi aliiogopa. Baadaye alianzisha kampuni ya mabasi, akakodi hoteli yenyewe. Mwanawe, Harry, alikuwa rubani, na shida yake ilikuwa ya kiufundi. Ndege ya magurudumu haiwezi kutua kwenye theluji, ya miguu ya kuteleza haiwezi kuruka kutoka uwanja wa kawaida. Akatengeneza miguu ya kuteleza inayoweza kuinuliwa na kushushwa rubani akiwa angani. Tarehe 22 Septemba 1955 akatua na ndege ndogo aina ya Auster juu ya mto wa Tasman. Safari ya kupanda iliyochukua siku nzima ya jasho ikawa ya dakika chache, na mtu asiyeweza kupanda hata ngazi za ghorofa akasimama kwenye theluji na kamera yake.

Tuseme ukweli, hapo kulikuwa na kitu kizuri. Milima ilikuwa ya wenye mapafu na wenye muda. Ndege iliwafungulia wazee, walemavu, mama mwenye mtoto mgongoni. Lakini kuna kitu kilibadilika. Wa kina Graham waliuza mwendo, na barafu ilikuwa zawadi ya mwisho wa mwendo. Wigley aliuza kutua.

Na boti? Hii ndiyo ya ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya mto wa Tasman hakukuwa na ziwa. Kulikuwa na barafu iliyofunikwa na mawe, na juu yake vidimbwi vya maji yaliyoyeyuka. Vidimbwi vikapanuka, vikaungana, na kufikia miaka ya 1990 likawa ziwa kamili. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Massey walilipima wakakuta lina urefu wa kilomita 7, upana wa kilomita 2 na kina cha zaidi ya mita 240. Ungeweza kuzamisha jengo la KICC humo mara mbili na bado maji yakabaki juu. Maji ya ziwa hilo ni ya kijivu kama maziwa yaliyomwagiwa saruji, kwa sababu ya unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Ndani yake vinaelea vipande vya barafu vyenye ukubwa wa nyumba. Watu wa biashara walitazama maji hayo mapya, wakaleta boti.

Mgeni anapewa jaketi la kuokolea, anaketi, nahodha anapita kati ya vipande, anasimamisha injini ili watu wasikie barafu ikitoa vimlio inapoyeyuka. Ni safari nzuri, inasemekana na wote waliokwenda. Lakini kila mita ambayo boti inasafiri ni mahali palipokuwa na barafu wakati wazazi wa abiria wengine walikuwa shuleni. Ziwa lenyewe linaharakisha mambo, maana maji yanakula barafu kutoka chini na mdomo wake unakatika vipande vipande.

Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko la ardhi lilipiga jiji la Christchurch na kuua watu 185. Kilomita kama mia mbili kutoka huko, watalii walikuwa kwenye boti ndani ya ziwa la Tasman. Mdomo wa barafu ukavunjika, takriban tani milioni 30 zikaanguka majini kwa mpigo mmoja, na mawimbi ya hadi mita tatu na nusu yakawapiga kwa karibu nusu saa. Walitoka salama. Siku hiyo nchi ilikuwa na msiba mkubwa zaidi wa kuomboleza, kwa hivyo habari ya ziwa ilipita pembeni.

Helikopta nayo haikuletwa milimani kwa ajili ya watalii. Ililetwa kwa ajili ya nyama. Walowezi walikuwa wameingiza kulungu wekundu kutoka Uingereza ili wapate cha kuwinda. Kulungu hawakuwa na adui, wakazaana, wakala msitu hadi udongo ukaanza kuporomoka. Serikali ikawatangaza waharibifu. Kisha katika miaka ya 1960 wafanyabiashara wakagundua kwamba Ulaya inalipa vizuri kwa nyama hiyo, na kwamba helikopta inaweza kumfikia kulungu popote alipo. Ikaanza mbio ya pesa. Mwindaji ananing'inia mlangoni na bunduki, rubani anashika mashine karibu na mwamba. Wengi walikufa. Waliobaki wakawa baadhi ya marubani stadi zaidi wa milima duniani, na biashara ya nyama ilipopungua, ujuzi na mashine vilikuwepo. Kulikuwa na barafu, kulikuwa na wageni. Zilizobaki ni hesabu.

Hata hivyo kwa muda mrefu chopa ilikuwa anasa tu. Mito ya Franz Josef na Fox ilifanya jambo ambalo halikutarajiwa: ilikua. Kati ya 1983 na 1999 Franz Josef ilisonga mbele zaidi ya kilomita moja. Wanasayansi baadaye walieleza kwamba eneo hilo la bahari na anga lilikuwa limepoa kwa muda, wakati sehemu kubwa ya dunia ikipata joto. Waliotaka kubisha kuhusu mabadiliko ya tabianchi waliishika mito hiyo kama ushahidi. Biashara ya kutembea ikanoga. Vijana kutoka kila nchi walivaa viatu vya njumu za chuma, wakafuata mwongozaji aliyechonga ngazi kama alivyochonga Alex Graham.

Kuanzia 2008 mstari ukashuka, na ukashuka wima. Barafu ya chini ikawa nyembamba, ikaporomoka katikati, kuta za bonde zikabaki uchi zikimwaga mawe. Mwaka 2012 safari za kuingia Franz Josef kwa miguu zikasimamishwa. Mwaka 2014 ikawa zamu ya Fox. Tangu hapo, kila mgeni anayetembezwa juu ya barafu hiyo anapelekwa kwa helikopta, anashushwa juu, anatembea na mwongozaji, anarudishwa. Mwaka 2019 mafuriko na maporomoko yakala barabara ya bonde la Fox, ikafungwa. Chopa iliyokuwa anasa ikawa mlango.

Na mlango huo una bei zake. Kuna bei ya tiketi, inayomaanisha kwamba mwanafunzi aliyekuwa akifika kwa nguvu za miguu sasa anatazama kutoka mbali. Kuna bei nyingine. Tarehe 21 Novemba 2015 helikopta ya watalii ilianguka juu ya mto wa Fox, kati ya nyufa. Watu saba, rubani na abiria sita, wakafa. Na kuna ile ambayo kila mtu anaiona na wachache wanapenda kuizungumza: mashine inayochoma mafuta kumpeleka mtu akaage kitu kinachouawa na moshi wa mafuta.

Ni rahisi kucheka hapo, kuwaita wanafiki na kuendelea na siku yako. Mimi naona hesabu haiishi hivyo. Moshi wa chopa za kijiji kimoja ni tone ukilinganisha na viwanda na magari ya dunia. Kijiji cha Franz Josef kinaishi kwa barafu. Mipaka ilipofungwa Machi 2020, anga likawa kimya na kazi zikaisha. Mwongozaji pale hana tofauti na kijana wa Naro Moru anayengoja wageni kwenye geti la mlima. Tofauti ni kwamba yeye anaona ofisi yake ikipungua kila mwaka, na ndiye anayelazimika kuwaeleza wageni kwa nini.

Kuna mstari mmoja uliopanda. Mwaka 1998, baada ya madai ya karne moja na nusu, bunge la New Zealand lilipitisha sheria ya maridhiano na Ngāi Tahu. Serikali iliomba radhi, ikalipa fidia, na majina yakarudi rasmi ramanini: Aoraki/Mount Cook, Franz Josef Glacier/Kā Roimata o Hine Hukatere. Kaizari hakufutwa, ila sasa anaketi na mwenye nyumba. Tena kampuni ya utalii ya Ngāi Tahu ikanunua biashara ya kuongoza wageni kwenye barafu hiyo. Wajukuu wa walioondolewa kwa pauni 300 ndio wanaokupandisha. Walirudishiwa jina na biashara katika muongo uleule ambao barafu ilikuwa ikijiandaa kuondoka.

Sisi tuna barafu pia, au tulikuwa nayo. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, alikuta mito ya barafu inayofika kumi na nane kwenye Mlima Kenya. Vilele alivipa majina ya viongozi wa Wamaasai: Batian, Nelion, Lenana. Mto mkubwa wa barafu una jina la Henry Carvill Lewis, mwanajiolojia Mmarekani aliyekufa 1888. Kati ya 1934 na 2010 mto huo ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake, na tangu hapo umeendelea kukatika. Chini yake kuna kiziwa kidogo kinachobeba jina hilohilo la Lewis. Hakitoshi boti. Barafu iliyobaki haitoshi kuitengenezea soko la chopa. Kwetu hapatakuwa na hatua hizo za katikati, ambapo mashine inaficha kwa muda kwamba kitu kimeondoka. Siku moja mpanda mlima atafika Lenana na mwongozaji wake atamwonyesha mawe.

Kule New Zealand kila kitu kimeandikwa: stempu, kumbukumbu za hoteli, orodha za safari, picha za kila mwaka. Huku kwetu sehemu kubwa ya kadi ya kliniki imo vichwani mwa watu. Kuna wanaume wa Naro Moru, Chogoria na Sirimon ambao wamebeba mizigo ya wageni mlimani tangu ujana wao. Wanajua jiwe ambalo barafu ilifika mwaka waliooa. Wanajua mahali walipokuwa wakivuka kwa kamba na sasa wanavuka kwa ndala. Hao ni rahisi kufika. Hakuna chopa inayohitajika, ni matatu hadi Nanyuki, boda hadi getini, na muda wa kuwasikiliza kabla nao hawajaondoka.